Ukoko kwenye Maji ya Trauti

Jirani yangu wa ukuta mmoja, hapa mtaa wa Lozells, Birmingham, ni mzee Singasinga aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, ambako baba yake alikuwa na gereji. Alijifunza kuvua samaki aina ya trauti akiwa kijana, kwenye vijito vya baridi vinavyoshuka kutoka mlimani, na alipohamia Birmingham alikuja na fito zake mbili za kuvulia zikiwa zimefungwa ndani ya shuka. Mimi nilikuja mgongoni mwa mama, kutoka Bukavu, Kongo. Kwa muda mrefu tulisalimiana kwa Kiingereza, hali ya hewa leo, hali ya hewa kesho, mpaka asubuhi moja nikamsikia akiitukana mashine yake ya kukata nyasi kwa Kiswahili safi cha gereji. Nilicheka kwa sauti upande wangu wa ua. Kilemba kikatokea juu ya uzio.

"Kwani wewe ni wa wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda naye mtoni.

Wenzangu tunaosomeana kurasa za riwaya zetu kwenye chumba kilicho juu ya duka la kahawa walidhani nakwenda kutafuta tamathali. Nilikuwa nakwenda kutafuta samaki. Na samaki wenyewe walinichekesha kwa historia yao: Waingereza ndio waliowapeleka trauti kwenye mito ya Kenya, wakawamwaga huko wazaane, na mzee huyu akaja kuwafuata kwao. Kila nikisimama ndani ya kijito nyuma yake, maji yakinibana magoti, niliona kwamba sisi sote, mzee, mimi na samaki, tumewahi kumwagwa mahali na kuambiwa tuishi.

Uvuvi huu hauna mnyoo wala kipande cha nyama. Chambo ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na nzi. Haina uzito, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni uzi: unaupeleka nyuma, unaungoja unyooke, unaurudisha mbele, na nzi anatua juu ya maji kana kwamba ameamua mwenyewe. Kwenye kijito chembamba chenye matawi kila upande, nafasi ya kufanya hivyo ni kama ya kufungua mwavuli ndani ya choo. Mzee aliweza. Nilimwona akipitisha uzi chini ya matawi yaliyokaribia kugusa maji, kwa mkono mmoja, huku akinisimulia habari za gari fulani lililomshinda baba yake.

Kisha, majira ya baridi yaliyopita, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa jina na vidonge. Vidonge vilimsaidia kushika kijiko. Kurusha uzi, hapana. Msimu ulipofunguliwa alikuwa akipiga maji kama anayefukuza mbwa, na samaki walikimbia kabla hajamaliza. Akaanguka mara moja, mwezi wa tano, nikamtoa amelowa mpaka ndevu. Msimu mzima hakushika hata samaki mmoja.

Siku ya mwisho ya msimu, mwishoni mwa Septemba, alizileta fito zote mbili akaziweka kwenye gari langu. Kwa kawaida huleta moja.

"Ikifika jioni, fito hizi ni zako, binti," alisema akifunga mkanda. "Leo nikishindwa, basi. Sitaki kuwa mzee wa kutazama."

Niliwasha gari. Sikuzitaka. Mtu akikupa fito zake amekuambia pia kwamba hatakuja tena, nami nilishazoea kuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kwenda naye. Nilimtaka yeye mbele yangu ndani ya maji, akinung'unika.

Kiti cha nyuma alikaa mama yangu. Nilimwomba aje kwa sababu kazi yake ni kutunza wazee, na akianguka mtu mzima mama anajua pa kumshika. Alikuja na sufuria, jiko dogo la gesi, chupa ya mafuta, chumvi, pilipili na ndimu.

"Mama, nilikuambia, samaki wanarudishwa," nikasema.

"Ulisema. Mi nilifikiri ni muchezo."

"Si mchezo, Mama," alisema mzee bila kugeuka. "Kwenye kijito kile ni sheria. Unamshika, unamwachia. Na sasa hivi wanakaribia kutaga."

Tukavuka mpaka wa Wales. Mama hakuweza kujizuia tena. "Muzee, na kama wangeruhusu? Ungemukula?"

"Mimi sili samaki. Sili nyama yoyote."

"Yesu!" Mama aliegemea mbele mpaka kichwa chake kikawa kati yetu. "Weye haukulake samaki, na unawafuata mu mayi ya baridi hivi? Wamekukosea nini?"

Mzee alicheka mpaka ikabidi afute macho, nami nikashukuru, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa amecheka.

Tuliacha gari kwenye lango la shamba, tukatumbukiza tiketi zetu za uvuvi kwenye sanduku la mbao, tukashuka kwa miguu kupitia malisho ya kondoo. Kijito kilikuwa kimepungua na kung'aa, kila jiwe likionekana. Huo ndio ugumu wa mwisho wa msimu: maji ni haba, samaki anakuona toka mbali, na majani yanayodondoka yanajaa juu ya maji, kila moja likijifanya nzi. Trauti wa wakati huo ni wazuri kuliko wakati wowote, tumbo la dhahabu, madoa mekundu ubavuni. Ila huwaoni. Unaona kivuli tu kinachohama.

Nilimfungia nzi wake, kwa sababu kitundu cha ndoana hiyo ni kidogo kuliko cha sindano. Akarusha. Uzi ukaanguka umejikunja. Akarusha tena, ukashika tawi. Nikaenda kuunasua. Mama alikuwa amekaa juu ya koti lake ukingoni, akitazama kama anatazama mpira wa timu isiyo yake. Mara ya kwanza ndoana iliporudi na jani, alivumilia. Iliporudi na jani tena, akasema:

"Muzee, leo unavuna mboga?"

"Mama, mimi nilikuwa navua kabla wewe hujazaliwa."

"Njo maana samaki wanakujua."

Mzee akacheka kidogo, lakini mkono ulikuwa umechoka na ulitetemeka zaidi. Tulipanda na kijito, kidimbwi baada ya kidimbwi, na kila kidimbwi tulikiacha kimetibuka. Karibu na mchana akanipa ufito. Nikakataa kuupokea. Tukasimama hivyo ndani ya maji, watu wazima wawili, ufito kati yetu, mpaka mama akatuita tule.

Alikuwa amepika wali, na kupasha sombe, kisamvu chetu cha Kongo, aliyoileta kwenye kopo. Kwa mzee alikuwa ameiweka pembeni kabla ya kutia dagaa kwenye yetu. Sijui alifanya hivyo saa ngapi; hakuna aliyemwomba, na habari ya kutokula samaki alikuwa ameipata garini saa chache tu kabla. Labda alikumbuka mzee anavyokula biskuti mlangoni kwetu, akisoma kila neno kwenye pakiti. Mzee alikula kwa kijiko, akimwaga kidogo, na mama hakutazama upande huo. Alimwongeza bila kumuuliza. Nakumbuka harufu ya mawese pale chini ya mti wa Wales, na kondoo mmoja aliyesimama akitushangaa.

Baada ya kula mama alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angekifanya akiwa na sufuria chafu kando ya maji. Alipandisha sketi, akachuchumaa juu ya jiwe, akaanza kuparuza ukoko na kuumwaga kijitoni.

"Mama!" Mzee alisimama haraka kuliko nilivyodhani anaweza. "Unaosha sufuria kwenye maji ya trauti? Utafukuza kila kitu mpaka bahari!"

"Mayi ni ya Mungu, Muzee. Haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe! Ina mkulima na ina sheria na ina..."

Macho yake yakabaki majini. Vipande vya ukoko vilikuwa vinaelea, vinazunguka polepole, vinaingia chini ya mizizi ya mti ulioinama ukingo wa pili, mahali penye kiza. Maji pale yalifunguka kidogo, yakafunga. Kipande kimoja kikatoweka. Kisha kingine.

"Usisogee," mzee alinong'ona. "Mama, tafadhali, usisogee."

"Nasogea wapi? Niko na sufuria mu mkono."

Samaki alikuwa pale tangu asubuhi. Tulikuwa tumempita. Hakuna aliyeweza kumrushia uzi mahali hapo, hata mzee wa miaka ile: matawi yalishuka mpaka kwenye maji kama nywele. Njia ilikuwa moja tu. Unapanda juu ya ukingo nyuma ya mti, unapenyeza ufito kati ya majani, na unateremsha nzi wima mpaka aguse maji. Hakuna kurusha. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, naye akaniambia huo si uvuvi, ni kuanika nguo; mama alicheka sana nilipomsimulia.

Nilitazama upande mwingine makusudi, ili asiulizwe na macho yangu. Nilimsikia akipumua. Kisha nikasikia viatu vyake vya mpira vikitoka majini, vikizunguka mti.

Alipiga goti moja. Akaegemeza kiwiko kwenye shina, akausukuma ufito mbele kidogo kidogo. Ncha yake ilitetemeka, na nzi akashuka akitetemeka naye. Nilidhani yote yameharibika.

"Muzee," mama alinong'ona, "unaanika vizuri."

"Nyamaza, Mama."

Nzi aligusa. Maji yakafunguka.

Ufito ulipinda mpaka ndani ya majani, na mzee akapiga kelele kwa Kipunjabi, kisha kwa Kiswahili, kisha maneno ya gereji ambayo mama alijifanya hakuyasikia. Samaki alikimbilia mizizi. Niliruka ndani ya maji na wavu, nikajikwaa, nikalowa mpaka kiunoni, nikampata. Alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, si zaidi. Sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha hivyo.

Mzee alishuka akaja mwenyewe. Alilowesha mikono kwanza, kama inavyopasa, ili asimchubue. Ndoana zetu hazina kijino cha kushikilia nyama, ikatoka kwa mguso. Akamshika samaki chini ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, apate kupumua. Mikono yake ilitetemeka chini ya maji na samaki alikaa ndani yake, mapezi yakipepea, bila haraka. Mama alikuja akasimama karibu yangu, sufuria kwenye nyonga.

"Mudogo hivi," alisema taratibu. "Na amepita mbali."

Sikumuuliza anamsema nani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, kwa kijito, kwa ukoko, kwa mama aliyekataa kuamini kwamba samaki hurudishwa. Samaki akajisukuma mara moja, akaondoka.

Mzee aliinuka kwa kunishika bega. Aliutazama uzi wake. Nzi alikuwa amevurugika, manyoya yote upande mmoja. Akanielekezea ndoana, akisogeza uso karibu na wangu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namchelewesha.

"Nifungie mwingine, binti. Jua bado liko."