Makopo Tisa Kutoka Mlangoni kwa Vern

Marlys Haapala aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja katika mji wa Two Harbors, kando ya Ziwa Superior, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepata kumsikia akipaza sauti. Watoto wakifanya fujo, alilisimamisha basi pembeni, akazima injini, akakaa kimya akitazama mbele mpaka wakanyamaza wenyewe. Hakuolewa. Alimuuguza mama yake mpaka siku ya mwisho, na baada ya hapo nyumba ikabaki yake na paka mmoja asiyependa watu.

Marafiki alikuwa nao wawili, na kwake yeye hao walitosha kabisa. Doreen Sundvall alikuwa amestaafu posta, ambako alikaa dirishani miaka mingi hadi akajua nani anaandikiwa na nani, na nani haandikiwi na mtu. Vern Petrich alikuwa amestaafu gatini, alikokuwa akipakia mawe ya chuma kwenye meli. Alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa mdomo, na mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kila Alhamisi watatu hao walikula kifungua kinywa kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, meza ya dirishani, na kila Alhamisi Vern aliwaambia kwamba mayai ya wiki iliyopita yalikuwa bora.

Machi mwaka 2020 korona ikaingia, shule zikafungwa, mgahawa nao ukafungwa. Marlys alijikuta alfajiri amevaa koti la kazi, kikombe cha kahawa mkononi, na hana pa kwenda.

Doreen ndiye aliyeleta habari ya makopo. Alipiga simu siku moja mwezi wa Mei, hata salamu hakutoa.

"Marlys, unajua kuna watu wanaficha makopo msituni?"

"Makopo ya nini?"

"Ya kutafutwa! Mtu anaficha kopo, ndani anaweka kijidaftari, halafu anaandika kwenye mtandao liko sehemu gani. Wewe unaifuata simu yako mpaka ufike, unatafuta, unasaini jina, unalirudisha palepale. Wanauita jiokeshing. Watu wanacheza dunia nzima, na sisi hapa tunakaa tunahesabu vigae vya jikoni."

"Ukilipata unapewa nini?"

"Hupewi kitu."

Marlys akafikiri kidogo. "Basi sawa," akasema.

Siku ya kwanza walikwenda mtoni, karibu na daraja la zamani la reli. Walifika na magari matatu, kila mtu na lake. Vern alishuka amejifunga kitambaa chekundu usoni, mkononi ameshika fimbo ndefu ya mti wa mbetula aliyoichonga mwenyewe.

"Hii ni mita mbili kamili," akatangaza. "Atakayenisogelea namchoma nayo."

"Nani akusogelee, na jasho lote hilo?" Doreen akamjibu.

Walitafuta saa nzima. Doreen alikuwa amevaa viatu vya kuendea kanisani, akateleza mara mbili. Vern alifunua kila jiwe kama dubu, akilaumu simu, setilaiti na watu wasio na kazi. Marlys yeye alisimama tu akaliangalia daraja, jinsi alivyozoea kuliangalia basi lake kila asubuhi kabla ya kuliwasha, akitafuta kitu kisichokuwa mahali pake. Kwenye ukingo wa chuma palikuwa na bolti sita, na moja haikuwa na kutu. Akaishika. Ikang'oka. Haikuwa bolti bali kikopo chenye sumaku, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Nimelipata!" akapiga kelele. "Jamani, nimelipata!"

Doreen na Vern waligeuka wakamtazama. Hawakujua kwamba ana sauti ya namna hiyo. Marlys mwenyewe hakujua.

Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa ya makopo. Kiangazi chote walizunguka vijito, makaburi ya zamani, vituo vya reli vilivyokufa na njia za msituni zenye mbu wasio na huruma. Kila mtu alikuwa na kalamu yake na kitakasa mikono chake. Chakula vilevile hakikuchangiwa. Walikaa kila mmoja juu ya jiwe lake, Marlys na mkate wake wa samaki wa kukaushwa kwa moshi, na kwa kuwa kuonjeshana hakuwezekani, wakawa wanasimuliana ladha. Vern alieleza nyanya moja ya bustanini kwake kwa dakika kumi, mpaka Doreen akamwomba anyamaze asije akamtoa machozi. Kufikia Oktoba walikuwa wamesaini makopo mia moja na kumi na mawili.

Mwezi wa Novemba Vern akaanza kukohoa.

Alisema ni vumbi la majani. Siku ya nne gari la wagonjwa likamchukua hadi Duluth, akalazwa hospitali siku kumi na tisa. Hapakuwa na ruhusa ya kumtembelea. Kila jioni muuguzi alimshikia simu sikioni. Doreen alimpa habari zote za mji, waliooa na walioachana. Zamu ya Marlys ilipofika, hakujua la kusema, basi akawa anamsomea kwenye mtandao maneno ya watu waliokwenda kutafuta makopo: huyu kakuta kopo limejaa sisimizi, yule kasahau kalamu akasaini kwa maji ya zambarau za mwituni. Upande wa pili alisikia mashine tu. Aliendelea kusoma.

Vern alirudi nyumbani wiki moja kabla ya Krismasi akiwa amepungua kilo nyingi, mrija wa oksijeni puani. Mdomo wake nao ulikuwa umepungua. Ndilo lililowatia hofu zaidi. Doreen alimwachia mlangoni bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akakuta la juzi bado liko palepale, limeganda.

Mwezi wa Januari Janelle, binti yake Vern aliyeko Arizona, akampigia Marlys.

"Anti Marlys, samahani kukusumbua. Daktari kasema baba lazima atembee kila siku, hata kidogo. Yeye hatoki kwenye kiti. Nikimwambia ananijibu, 'Niende wapi?' Mimi huku nafanyaje?"

Marlys alimwambia ataona. Alipokata simu alikaa jikoni mpaka kahawa ikapoa. Niende wapi. Swali hilo alilijua. Kisha akainuka, akaanza kukusanya: chupa za dawa, mkebe wa chai, kopo la siagi ya karanga. Akayaosha, akayapaka rangi ya kahawia na nyeupe, akakata karatasi za kusaini. Yalitoka tisa. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuficha kitu.

La kwanza alilifunga kwa waya chini ya mkono wa ngazi, hatua nne kutoka mlangoni kwa Vern. La pili likaenda kwenye kibanda cha ndege, la tatu nyuma ya pipa la mvua, la nne kwenye rundo la kuni, la tano kwenye sanduku la barua. Mengine yalifuata barabara, kila moja mbali kuliko lililotangulia, hadi la tisa, ambalo alilibana kati ya mawe ya ukuta wa bandari, mwendo wa karibu kilomita moja. Kisha akasukuma bahasha chini ya mlango: "Liko kopo nje. Limefichwa na mimi. M."

Dakika tano baadaye, akiwa tayari ndani ya gari, simu ikaita.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Sauti ya Vern ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwingine. "Kuna baridi ya kupasua mawe."

"Najua."

"Sitoki."

"Sawa. Kesho saa nne nitakuwa hapa barabarani."

Kesho yake saa nne alikuwepo, injini inanguruma, madirisha yamefungwa. Mlango haukufunguka. Akakaa nusu saa, akaondoka. Alikuja siku ya pili, ya tatu, ya nne. Hakupiga honi. Doreen alimwuliza kwa nini asigonge tu amwambie mzee huyo ukweli wake.

"Watoto wakigoma kupanda basi hukuwaburuta?" Doreen akasema.

"Niliwangoja," Marlys akajibu.

Siku ya saba mlango ukafunguka. Vern alitokea amejifunika blanketi juu ya koti, kitungi cha oksijeni kikining'inia begani, akashuka ngazi moja, mbili. Akapapasa chini ya mkono wa ngazi. Alipolipata kopo hakulifungua mara moja. Alikaa kwenye ngazi kifua kikimpanda na kushuka, kichwa amekiinamisha, na Marlys, akiwa hatua ishirini kutoka kwake, alishika kitasa cha mlango wa gari, akakiachia, akakishika tena. Hatimaye Vern akatoa kalamu mfukoni. Alikuwa amekuja nayo.

Akainua uso. "Hata mtoto wa chekechea angeliona hili!" akafoka, na kikohozi kikamkatiza.

Marlys akateremsha kioo. "La pili ni gumu zaidi," akasema. Kisha akakipandisha upesi, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

La pili lilimchukua siku tatu, la tatu siku mbili. Doreen naye akaanza kuja, akaegesha nyuma ya Marlys, wakawa wanamtazama kwa pamoja huku wanazungumza kwa simu kutoka gari hadi gari.

"Anakwenda upande usio wake."

"Mwache."

"Nimpigie honi moja tu?"

"Doreen, mwache."

Kopo la nne, lile la kwenye kuni, lilikuwa hatua arobaini, na usiku wa kuamkia siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka upya. Marlys alikuwa amefika mapema na koleo akamsafishia njia. Vern alikwenda vizuri mpaka katikati. Hapo akasimama. Akageuka kuutazama mlango, akalitazama tena rundo la kuni, kama mtu aliyefika katikati ya daraja na kote kuwili ni mbali. Kisha pumzi ikamwishia, akakaa kwenye theluji.

Marlys hakukumbuka kufungua mlango wa gari. Alijikuta amepiga magoti kando yake, barakoa imekaa upande, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine umeushika mkono wake.

"Pumua polepole. Mimi nipo. Polepole."

"Mita mbili," Vern akanong'ona.

"Nyamaza upumue."

Tangu Machi ya mwaka uliopita Marlys alikuwa hajamgusa binadamu yeyote, na mkono ule, japo ndani ya glavu mbili, yake na ya Vern, aliuhisi mpaka begani.

"Marlys," Vern akasema pumzi ilipomrudia. "Kule hospitali nilikuwa nakusikia. Yule aliyesaini kwa zambarau. Nilikuwa nataka kucheka, nikashindwa."

"Sasa unaweza?"

Akajaribu. Kilichotoka kilikuwa nusu kicheko, nusu kikohozi. "Nisaidie niinuke," akasema. "Kopo liko wapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Mwanamke, nakufa hapa!"

"Hufi. Tafuta."

Alilipata. Lilikuwa ndani ya gogo lililotobolewa, na Vern alikiri kwamba safari hii kazi ilikuwa safi.

Machi wote watatu wakachanjwa, na theluji ikaanza kuyeyuka. Vern alitembea bila kitungi hadi kopo la sita, akapumzika siku mbili, akachukua la saba na la nane kwa mkupuo. Kejeli zilimrudia. Aliwaambia makopo ya Marlys yananuka siagi ya karanga tangu barabara kuu.

Kopo la tisa walikwenda kulitafuta pamoja katikati ya Aprili, wakiutembea ukuta wa bandari taratibu, Vern mbele, wanawake nyuma yake. Barafu ilikuwa inavunjika ziwani kwa vishindo. Walifika kwenye mawe yale, Vern akainama, akapapasa, akahamia jiwe la pili. Robo saa ikapita. Marlys akaanza kukunja uso. Akasogea, akatia mkono kwenye upenyo aliouchagua mwenyewe Januari. Ulikuwa mtupu, una maji tu.

"Halipo," akasema. "Barafu imelichukua." Akajisikia vibaya kweli. "Vern, nisamehe. Umekuja mbali hivi."

Vern aliketi juu ya jiwe, uso mwekundu, akihema, akayatazama maji. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka Doreen akaingiwa na wasiwasi, akacheka mpaka akashika ubavu, na pumzi ikamtosha.

"Kuna mvuvi huko Kanada," akasema akijifuta macho, "atatoa kopo la karanga kwenye wavu, akute karatasi haina jina hata moja."

"Atajisainia mwenyewe," Doreen akasema.

Siku hiyo walikula pamoja. Marlys alitoa mkate wa samaki, akaukata vipande vitatu, akagawa, na hakuna aliyesimulia ladha.

Mapafu ya Vern hayakurudi kama zamani. Milima humshinda, na siku za baridi kali hukaa ndani. Lakini Juni walisafiri kwa mara ya kwanza ndani ya gari moja, la Marlys, kuelekea mpaka wa Kanada, ambako Doreen alisikia kuna kopo juu ya mti. Vern alikaa kiti cha mbele na kulalamika juu ya redio, Doreen nyuma akisoma ramani kichwa chini miguu juu. Karibu na kijiji cha pili Vern akaanza kuunyoosha mkono wake kwenye kiti, na Marlys, macho yakiwa barabarani, akaushika. Doreen aliona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu, mpaka walipofika kwenye mti.

"Nani anapanda?" akauliza hapo.

"Wewe," wakamjibu wote wawili.