Chai ya Mkata Stima

Kila harufu ya iliki inaponijia, naiona ngazi imeegemezwa ukutani kwetu.

Kijana wa stima alikuja asubuhi, koleo mkononi, jasho likimtiririka. Tulikuwa tunadaiwa miezi mitatu. Mama hakumbishia, alikuwa amechoka hata kubisha. "Karibu mwanangu, upate chai kwanza," alimwambia. Akamtandikia mkeka barazani, akamwekea mahamri na mbaazi za nazi, zile zile alizotukataza kuzigusa. Nilimchukia yule kijana kwa kila tonge.

Kijana alikula ameinamisha kichwa. Alipomaliza alinawa, akazitazama nyaya, akaibeba ngazi yake. "Nitasema sikukuta mtu, mama," alisema, akaenda zake.

Mwezi uliofuata, mama alipoiona ile ngazi ikija njiani, aliinjika birika. Nikatumwa nimpelekee kikombe. Nilimkuta ameshapanda juu.

"Mwambie mama leo nimefunga saumu," alisema bila kunitazama.

Chini ya ngazi palikuwa na chupa yake ya maji, imenywewa nusu.

Nilirudi jikoni na kikombe kimejaa. Mama alikuwa ameshaanza kutoa samaki kwenye friji, na friji ilikuwa kimya.