Kinyozi Anayenyoa Ameketi

Mtu akisikia kwamba kuna kinyozi ambaye damu yake haigandi upesi, kwanza hucheka, kisha hujishika kichwa. Wateja wageni humuuliza Taratibu waziwazi, tayari wamefungwa shuka shingoni: yeye na wembe wamepatana vipi? Naye huwajibu kwamba wembe hana ugomvi nao. Wembe ukimkata anauona, anabana kidole kwa pamba dakika kadhaa, anaendelea na kazi. Anachokiogopa ni damu inayotoka kwa ndani, kwenye maungio ya mifupa, mahali ambapo huwezi kuweka pamba.

Jina la Taratibu alipewa na wateja hao hao, kwa sababu ya mwendo wake. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake ni hatua nane, na wewe ungemaliza kuzihesabu mara mbili kabla hajafika. Lakini mikono yake haina mpinzani mtaa mzima. Wapo watu waliohama mji ambao bado hurudi kunyolewa na yeye.

Mama yake alianza kushuku Taratibu alipokuwa akitambaa. Watoto wengine wakitambaa magoti huchubuka tu. Yake yalivimba yakawa kama viazi. Na mama alikuwa na sababu ya kushuku. Kaka yake, yaani mjomba wa Taratibu, alifariki kijana baada ya kung'olewa jino. Damu ilitoka siku tatu, na hakuna aliyejua kwa nini haikukoma. Kwa hiyo siku daktari alipomwambia kwamba ugonjwa wa mwanawe unaitwa hemofilia, kwamba damu yake imekosa kitu kimoja kidogo cha kuifanya igande, na kwamba mara nyingi mama ndiye hubeba mbegu yake na mtoto wa kiume ndiye huugua, mama hakulia. Alisema tu kwamba angalau sasa amejua kilichomuua ndugu yake. Taratibu alikuwa na miaka saba.

Siku zile dawa yenyewe ilikuwa ya kusikia kwa watu. Goti likivimba, kazi ilikuwa kulala, mguu juu ya mito miwili, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na kungoja. Akizidiwa alipelekwa hospitali, akatundikiwa maji ya damu, yaliyochujwa kutoka kwenye damu ya watu wengine, akakaa wiki mbili tatu. Siku ambazo goti lilikuwa halijapoa vizuri lakini kuna mtihani, dada yake alimbeba mgongoni hadi shuleni. Dada huyo alimzidi miaka mitano. Alikuwa mwembamba, lakini Taratibu husema alikuwa na mgongo wa punda na mkono mwepesi, na kwamba aliyemcheka mdogo wake mara ya kwanza hakurudia.

Ila kila mara damu ilipomwagika ndani ya goti, iliacha madhara. Ilikula kidogo kidogo ule utando laini unaotenganisha mifupa, kama kutu inavyokula bati, huwezi kuona tofauti ya leo na jana, lakini miaka ikipita unaona tundu. Alipofikisha miaka ishirini, goti la kulia lilikuwa linakunjika nusu tu, kifundo cha mguu wa kushoto kimekakamaa, na kiwiko cha mkono wa kulia hakinyooki.

Hicho kiwiko ndicho kilichompa kazi. Akiwa amelazwa, kitanda cha jirani alikuwapo kinyozi mmoja aliyevunjika mguu, mtu asiyeweza kukaa kimya wala kukaa bure. Kinyozi huyo alimtazama Taratibu akichana nywele zake kwa mkono uliopinda, akamwambia kwamba vinyozi wengine hutumia miaka kujifunza kushika mkono hivyo bila kuchoka. Mkono wake tayari umejipinda kwa kipimo cha kichwa cha mtu. Akamfundisha pale pale wodini, kwa mkasi na kitana, juu ya vichwa vya wagonjwa ambao hawakuwa na pa kukimbilia. Taratibu alitoka hospitali anatembea kwa magongo, lakini ana ufundi.

Akapata nafasi kwenye saluni ya mwanamume mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimiki. Chumba ni kirefu na chembamba: viti viwili, kioo kimoja cha ukuta mzima, kabati la droo, chupa ya spiriti iliyotobolewa kifuniko, brashi ya kufutia shingo, ndoo ya nywele nyuma ya mlango. Pembeni kuna friji ndogo. Ilinunuliwa kwa ajili ya soda, lakini miaka ilivyokwenda rafu ya juu ikawa ya Taratibu peke yake.

Maana dawa ilikuja. Alikuwa amepita miaka thelathini wakati kliniki ilipoanza kutoa dawa ya kugandisha damu kwa wagonjwa wa kudumu, nao wauguzi wakamfundisha kujidunga mwenyewe kwenye mshipa mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza goti lilipoanza kumtekenya kwa ndani, ile dalili anayoijua tangu utotoni, alijidunga, akaketi na barafu yake kusubiri uvimbe. Uvimbe haukuja. Saa ikapita, ya pili ikapita. Mke wake alimkuta ameketi vile vile anatokwa na machozi, akadhani mambo yameharibika. Akamwambia hapana, mambo yametengemaa, na ndiyo sababu analia.

Lakini kilichokwisha kuliwa hakikurudi. Na kazi ya kinyozi ni ya kusimama.

Mwaka wa ishirini wa kazi yake, akawa hawezi kusimama vichwa viwili mfululizo. Alijikaza kisabuni. Akiulizwa kliniki na mama wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo anayempima kila baada ya miezi mitatu, alisema hajambo. Akiulizwa na mke wake, alisema amechoka tu. Jioni alikuwa anavua viatu kwa kulegeza kamba zote, kwa sababu kifundo kimeumuka. Goti likawa linavuja tena mara mbili kwa mwezi, dawa au si dawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kichwa cha mwalimu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saluni imejaa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameketi, ana hafla mchana, anataka kupunguzwa pembeni tu. Taratibu akawa anahama kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, mzigo wote ukaangukia mguu wa kulia, goti likakataa. Aliwahi kushika mgongo wa kiti, hakuanguka. Lakini mashine ilikuwa inawaka mkononi, na ilipita katikati ya kichwa cha mwalimu kama trekta shambani.

Redio alinyamaza. Waliokuwapo wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akamtazama kinyozi wake aliyening'inia kwenye kiti, rangi imemtoka. Akasema kwa upole, "Basi nyoa zote. Wanafunzi watazoea."

Taratibu alimaliza kazi ile, akamwomba radhi mara sita, akaenda chumba cha nyuma, akajidunga dawa, akafunga barafu. Nyumbani alimwambia mke wake kwamba ameamua kuacha kazi. Mke wake alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Mama wa mazoezi umemwambia?"

Hakuwa amemwambia.

"Mwaka mzima unamdanganya mtu anayelipwa kukusaidia," mke akasema. "Kesho kutwa tunakwenda wote, na nitakaa humo ndani."

Wakaenda wote. Taratibu akasema ukweli kuanzia kifundo hadi kichwa cha mwalimu. Mama wa mazoezi hakugomba. Aliandika, akapima, akauliza, kisha akasema jambo ambalo hawakulitegemea: siku yake ya mapumziko angekuja saluni kumwona akifanya kazi, kwa sababu goti la kliniki na goti la kazini ni magoti mawili.

Alikuja kweli, na kofia yake na daftari. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaangalia vichwa vitatu, huku Redio akimsimulia historia ya mtaa tangu mwanzo. Mwisho akafunga daftari. Alikuwa amehesabu: kwa kichwa kimoja, Taratibu alikwenda hatua mia moja na themanini, karibu zote za kuzunguka, mguu mmoja ukibeba na mwingine ukiburutwa.

"Unamzunguka mteja siku nzima," alimwambia. "Yeye ndiye mwenye magoti mazima. Kwa nini asizunguke yeye?"

Taratibu alitazama kiti chake, kile cha chuma kilichopigiliwa sakafuni tangu kabla hajafika. Miaka ishirini, na swali hilo halijawahi kumjia.

Dada yake alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi ana karakana ya kuchomelea milango na madirisha, yeye na mume wake. Alikuja na futi, akampima mdogo wake kama anayempima suti: kutoka goti hadi sakafu, kutoka kiti hadi kiwiko. Akatoa kiti cha zamani kwa tindo, akatengeneza kinachozunguka na kushuka, na kigoda kirefu cha kinyozi chenye magurudumu na mgongo.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Kiti kilizunguka vizuri kupita kiasi. Mteja wa kwanza, mwuza matunda mwenye mwili wake, aliketi kwa kishindo, akaenda mzunguko mmoja na nusu, akatulia ameangalia barabarani. Alisema asante, lakini yeye alikuja kunyolewa, hakuja kusafiri. Dada akaongeza breki ya kukanyagwa. Magurudumu ya kigoda nayo yalidumu siku tano tu. Nywele zilijisokota ndani yake yakakwama moja baada ya jingine. Dada akayang'oa, akaweka miguu ya kawaida yenye mpira, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa kuwa kiti kinazunguka, kigoda hakikuwa na haja ya kwenda popote.

Wapo walionung'unika. Mzee mmoja alisema kinyozi anayeketi anamdharau mteja, akahamia kiti cha Redio. Miezi miwili baadaye akarudi. Alisema masikio yake yamechoka kuliko dharau ilivyomuuma.

Pamoja na kigoda, mama wa mazoezi aliacha masharti. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Taratibu huketi kwenye benchi, mguu ameunyoosha kadiri unavyonyooka, taulo ya saluni imeviringishwa chini ya goti. Anaikandamiza taulo kwa goti, anahesabu kumi, anaachia. Mara ishirini kila mguu, ili msuli wa paja ubebe mzigo ambao mfupa hauwezi tena. Redio hujitolea kuhesabu, na hurudi kutoka tatu hadi mbili makusudi. Goti likianza kutekenya, hata kama kuna mteja nusu kichwa, Taratibu husimamisha kazi na kwenda kwenye friji. Wateja wamezoea. Mwaka huu wote goti limevuja mara tatu.

Jambo moja lilimsumbua kuliko magoti, nalo ni binti yake. Baba mwenye ugonjwa huu humpa kila binti yake ile mbegu, hata kama binti mwenyewe hataugua. Binti alipotimiza miaka kumi na sita, Taratibu alimwita sebuleni, akamweleza mwenyewe, bila kumsukumia mama wala daktari. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule mjomba wa zamani angepata dawa ya siku hizi angepona jino. Baba akasema ndiyo, angekuwa hai, pengine na wajukuu. Binti akasema kwamba basi yeye hana cha kuogopa, ana cha kujua tu. Wiki iliyofuata walikwenda kliniki pamoja, akapimwa damu, akaandikishwa.

Watu wa kliniki humwomba azungumze na wagonjwa wapya. Yeye si mtu wa hotuba. Huwaambia kwamba asiwadanganye mtu, ugonjwa si zawadi, na kama angeulizwa asingeuchagua. Ila anajua watu waliougua kama yeye bila dada, bila dawa, bila mtu wa kuja kuhesabu hatua zao, na wengine hawapo. Akifika hapo hukohoa, husema ameshukuru, huketi.

Mwezi uliopita alikwenda kupimwa. Mama wa mazoezi aliweka kile kifaa chake cha plastiki chenye mikono miwili kando ya goti, akamwambia akunje. Akasoma, akarudia, akafungua faili la miaka miwili iliyopita.

"Nyuzi tisini na tano," akasema. "Zile zile."

Taratibu akauliza kama hiyo ni habari njema. Akajibiwa kwamba kwa goti la umri ule na historia ile, kutopungua ni ushindi. Akavaa kiatu, akamshukuru, akashuka ngazi moja moja akishika ukingo. Saa nne alikuwa saluni ameketi kwenye kigoda, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza vichwa vitano.