Bega la Kobe

Kwaru, kwaru, kwaru; kisha kimya. Bi Kazija aliijua maana ya kimya kile. Wifi yake, Saleha, ameacha kukuna nazi, kifuu kimo mkononi, na sasa atasema neno.

Miaka thelathini na mmoja walikaa nyumba moja mtaa wa Nguvumali, wajane wawili, na jioni haikupita bila hadithi. Kazija alisimulia, Saleha aliitikia juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, "naam" baada ya kila sentensi, naam ya hofu mbali, naam ya kusuta mbali. Na ilipofika hadithi ya kobe na fisi waliokwenda kufuata chumvi, pale kobe anapotia pakacha begani, mbuzi ilinyamaza na Saleha akasema maneno yale yale: "Muongo we, wifi. Kobe hana mabega." Hapo ukazuka ubishi, ubishi ukazaa kicheko, na wali ukaungua mara nyingi kuliko walivyopenda kukiri.

Saleha alifariki mwaka juzi, mwezi wa Rajabu. Tangu hapo Kazija hakusimulia hata hadithi moja. Nazi hununua sokoni, imeshakunwa, imefungwa kwenye mfuko.

Jirani yake, Mwalimu Nasma, alimwomba aje awasimulie ngano wanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Kazija alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sababu aliyoificha moyoni: huenda miongoni mwa watoto wale yumo mmoja atakayembishia. Hadithi isiyo na wa kuibishia, kwake, ilikuwa ukili ambao haujashonwa mkeka.

Darasa zima lilisimama kumwamkia shikamoo. Ubaoni Nasma alikuwa ameandika sifa za ngano: ina maneno maalumu ya kufungulia na kufungia, wanyama hufanya mambo ya watu, wimbo hurudiwarudiwa, mwishoni pana funzo. Aliwaeleza kuwa msimulizi ndiye fanani na wao ndio hadhira, tena wasikilize kwa adabu, mgeni wao ni mtu mzima. Kazija akauliza nani ataitikia. Wote, akajibiwa.

"Hadithi inakuja," akaanza.

"Na ipite, tumekaa," wakajibu, kama alivyowafundisha punde.

Walikuwa watoto wazuri. Naam yao ilitoka kwa pamoja, ya urefu mmoja, kama wanaitwa majina. Fisi alipolia njaa kabla hata ya kuondoka, walicheka. Wimbo wa kobe waliudaka mara ya kwanza: *Fisi nenda, mimi naja, safari si mashindano.* Kazija akahisi kifua chake kinafunguka kidogo.

"Kobe akalitia pakacha begani," akasema.

"Naam."

Akangoja. Alisikia kalamu zikikwaruza daftari. Akarudia polepole, akigusa bega lake mwenyewe: begani. Ndipo mkono mmoja ukanyooka dawati la mbele, na moyo wake ukaruka.

"Bibi," akasema msichana aitwaye Samira, "bega lipi? La kulia au la kushoto?"

Kazija akamtazama. Binti hakuwa na mzaha hata chembe.

"La kulia, mjukuu wangu."

Vichwa arobaini vikainama kuandika.

Akaimaliza. Fisi kwa pupa alikatiza mtoni, chumvi yake ikayeyuka. Kobe alizunguka, akafika na yake. Nasma alipouliza funzo, walijibu kwamba haraka haraka haina baraka, naye akaongeza hilo ubaoni. Wakampigia makofi. Nasma alimsindikiza hadi getini akifurahi, akasema hajapata kuwaona wametulia vile.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mbuzi ile ilikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni, imekunjwa, meno yameshika kutu. Aliifuta kwa pindo la kanga, akaikunjua. Nazi hakuwa nayo. Akaketi juu yake, mahali pa Saleha, akakitazama kigoda chake mwenyewe kilichokuwa kitupu upande wa pili.

"Muongo we, wifi," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata paka wa dirishani hakugeuka. "Kobe hana mabega."