Alama za vidole sitini na tatu zilizoniingiza kwenye hub ya Kasulu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka minne nasoma nyuzi zenu na sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Leo naandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu mbaya sijazipunguza. Nilichobadilisha ni majina ya watu.

Mnivumilie, naandika polepole. Nimeishia darasa la saba, na uzi huu nimeuandika kwenye simu kwa siku tatu.

Nyumbani ni kijiji kimoja Kibondo. Mama analima muhogo na maharage. Mimi ni fundi simu pale Kibondo mjini, nina meza kwenye kibaraza cha duka la mzee Saidi, muuza vitenge.

Anayejua muhogo wa kwetu anajua shida ya masika. Unaumenya, unauloweka, unauanika. Mvua ikipiga siku tatu mfululizo, unaota ukungu na kuwa mweusi, na ugali wake unanuka. Mwaka mmoja mama alitupa karibu wote. Nilimwona akiumwaga shimoni.

Basi nikatengeneza kikaushio. Ni sanduku la mbao lenye nailoni nyeupe juu, ndani kuna chekecheke za waya za kuanikia, na pembeni feni ndogo ya kompyuta inayozungushwa na sola. Muhogo unakauka siku nne hivi, hata kukiwa na mawingu.

Feni niliipata soko dogo la karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa Mkongo mmoja anayeuza vyuma vya kompyuta mbovu.

"Petit, hii ventilateur unataka ya kufanya nini?"

Nikamwambia ya kukaushia muhogo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Ya mihogo! Bon, beba, beba."

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Redioni ikatangazwa kwamba serikali inatafuta vijana wabunifu wa wilaya zetu. Kuna kituo cha ubunifu Kasulu, hub, na ukichaguliwa unapewa meza, internet, mafunzo, vifaa vya kutengenezea kazi yako, na unasaidiwa kusajili kampuni. Mzee Saidi akaniambia, "Wewe una sanduku lako, hiyo aibu yako iweke siku nyingine. Nenda." Akanisaidia kujaza form.

Baada ya muda akanipigia afisa wa hub. Nitamwita Madam Rehema.

"Wazo lako ni zuri sana," akasema. "Users unao wangapi?"

Sikujua users ni kitu gani. Akanieleza kwamba ni watu wanaokitumia. Kamati inataka angalau hamsini, majina na sahihi, ndani ya wiki mbili.

Wakuu, kikaushio kilikuwa kimoja tu, nyuma ya jiko la mama. Aliyekuwa anakitumia ni mama.

Ningeweza kusema hivyo. Lakini mimi nina tabia hii tangu utoto: mtu akiniuliza kwa haraka, hasa mtu wa ofisini, nasema ndiyo ili amalize kuniuliza.

Nikasema, "Wapo."

Nikanunua daftari na kidau cha wino wa mhuri, kwa sababu akina mama wengi wa kijijini kwetu hawaandiki, wanaweka dole gumba. Mpango wangu ulikuwa kupita nyumba kwa nyumba, nieleze kikaushio, na anayekipenda aandike jina kwamba atakitumia nikitengeneza vingine. Hata huo ulikuwa uongo nusu, maana kamati ilitaka wanaokitumia na siyo watakaokitumia. Nikajiambia siyo uongo mkubwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Yusta, jirani yetu. Ni mjane, anaishi na wajukuu watatu. Nikamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, bibi," akaitikia, akaniulizia mama kana kwamba hawakuonana jana yake. Kisha akaona kidau cha wino.

Hapa niwaeleze wa mikoa mingine. Kwetu, mtu akija na daftari na wino, watu hawaulizi ni ya nini. Tumekua tukiona hivyo. Vyandarua viligawiwa hivyo, mbegu hivyo, hela za kaya maskini hivyo, na jirani zetu wa kambini wanapokea posho hivyo hivyo. Dole gumba kwenye karatasi maana yake kuna kitu kinakuja. Kinachoulizwa ni nani anahesabika.

"Unaandikisha?" akauliza Bibi Yusta.

"Naandikisha."

"Ni kaya kwa kaya, au na wajukuu wanahesabika?"

Nilielewa anachouliza. Wakuu, hapo ndipo penyewe. Nilielewa kabisa. Mdomo ulikuwa wazi kumwambia, hapana bibi, huu siyo mgao, ni habari ya sanduku la muhogo. Lakini nilikuwa nimeshaona anavyofuta dole gumba kwenye kanga ili liwe safi.

Nikasema, "Kaya kwa kaya."

Neno hilo tu. Sikusema kuna msaada. Nilijibu tu kana kwamba upo.

Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kupita majumbani. Habari ilinitangulia, wakawa wanakuja wenyewe na kupanga foleni kwa mama. Mama alitoka jikoni, akaangalia foleni, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa na alama sitini na tatu, na ya mama ikiwemo, maana yeye ndiye mtumiaji wa kweli.

Nikazipiga picha, nikatuma. Madam Rehema akajibu: "Safi sana! Tunakuja kuwatembelea."

Sikutegemea wangekuja.

Siku ya ziara, akina mama waliosikia gari la serikali linakuja walianza kufika asubuhi mapema. Walikuja na magunia, ndoo na madishi. Mama Sabina, ambaye ni mchangamfu kuliko wote kijijini, alikuja na toroli la kaka yake. Bibi Yusta alikuja na gunia lililofuliwa na kukunjwa vizuri kama kitenge. Wakati ule mahindi yake yalikuwa yanakomaa, na yeye ndiye hushinda kwenye kibanda shambani akifukuza nyani. Siku ile aliacha kibanda bila mtu, kwa sababu wajukuu walikuwa shule.

Gari lenye namba za serikali likaingia. Madam Rehema akashuka na kijana wa kamera. Akafurahi kuona umati. Kisha akaona magunia.

"Mbona wamekuja na magunia?" akaniuliza.

Nilikuwa natazama viatu vyake tu.

Bibi Yusta akajibu badala yangu. "Ya kubebea muhogo mkavu, mama."

"Kumbe! Kwa hiyo hiki kikaushio mnakitumia?"

"Sana! Huyu mtoto katuokoa."

Mama Sabina naye akadakia, "Mimi wangu ulikauka siku mbili tu, ukawa mweupe kama chaki!"

Mama Sabina hajawahi kufika nyuma ya jiko letu.

Msiwaone waongo. Watu wa kwetu wamezoea kuulizwa na wageni wenye madaftari. Wanajua jibu ambalo mgeni analipenda, na wanajua mgao huja baada ya jibu hilo. Walikuwa wananisaidia mimi na wanajisaidia wao.

Vigelegele vikapigwa. Tukapigwa picha, mimi katikati, magunia pande zote. Nikamtafuta mama kwa macho. Alisimama nyuma kabisa, mikono mitupu. Yeye peke yake hakuja na gunia.

Gari likaondoka. Akina mama wakakaa kwenye majani, wakasubiri.

"Haya baba, gari la mzigo liko wapi?" akauliza Mama Sabina.

Nikasema, "Linafuata."

Nikaingia ndani. Nilikaa kitandani nikiwasikia wakipiga soga na kucheka. Walikaa mpaka saa kumi, mvua ikaanza, wakajifunika magunia kichwani na kuondoka mmoja mmoja. Bibi Yusta alikuta nyani wameshaingia shambani. Mistari yote ya upande wa mto ilikuwa imekwisha.

Wiki tatu baadaye nikaambiwa nimechaguliwa.

Nikaja Kasulu. Niseme ukweli, hub ni nzuri. Nina meza yangu, nimepewa msumeno wa umeme na mbao za vikaushio sita vya kuanzia, na tunafundishwa namna ya ku-pitch, yaani kulinadi wazo lako mbele ya watu. Wenzangu wengi wametoka vyuo, na hawanidharau. Kwa hiyo sijaja hapa kuisema vibaya serikali. Msaada nimeuona na upo.

Lakini ukutani karibu na mlango waliweka ile picha, wameikuza. Chini yake pameandikwa: UBUNIFU UNAOMGUSA MWANANCHI. Wageni wakija, Madam Rehema anawasimamisha pale na kuniita nieleze. Naeleza nikiwa nimeipa picha mgongo.

Nilidhani kijijini wananitukana. Ningefurahi, kusema kweli. Kumbe siyo.

Siku moja kondakta wa basi la Kibondo akanipigia nikachukue mzigo stendi. Ulikuwa mfuko wa maharage, kama sado mbili, yamechambuliwa vizuri. Nikampigia mama kumshukuru.

"Siyo mimi," akasema. "Ni Bibi Yusta."

"Kwa nini?"

"Wanasema wewe umezungukwa. Wanasema wale wa ofisini wamekula mgao na kukutupia wewe lawama. Yusta anasema, mtoto wa watu yuko ugenini, asife njaa kwa ajili yetu."

Nilirudi hub nikauweka ule mfuko chini ya meza. Siku nzima sikufanya kazi. Mwanamke aliyepoteza mahindi yake kwa ajili ya uongo wangu ananionea huruma, na ananilisha.

Jumamosi nikapanda basi.

Jumapili baada ya misa, nje ya kigango, nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji anipe dakika chache. Mimi sijawahi kusimama mbele ya watu. Nilisema kwa Kiha, na nilisema vibaya, nikirudia maneno. Nikawaambia hakukuwa na mgao. Hakuna aliyekula. Nilihitaji majina ili nichaguliwe, nikaona mnaamini ni msaada, nikawaacha muamini.

Mtoto mmoja nyuma alikuwa analia.

"Kwa hiyo siku ile," akasema Bibi Yusta, "hakukuwa na gari lingine?"

"Hakukuwa, bibi."

"Na ulijua, tukiwa tumekaa pale?"

"Nilijua."

Nikatoa ule mfuko, nikamwambia nimemrudishia maharage. Hakunyoosha mkono.

"Hayo siyo yako kurudisha," akasema. "Niliyapeleka kwa mtoto ninayemjua."

Kisha akauliza, "Daftari lile unalo?"

Nilikuwa nalo.

"Dole langu liko wapi?"

Nikamwonyesha, la kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza. Akaliangalia.

"Kata."

Nikapiga mstari.

"Kata vizuri."

Nikapiga mwingine. Akajitanda kanga yake, akaondoka. Nyuma yake wakapanga foleni, kama siku ile ile, kila mmoja ananiuliza lake liko wapi, nalitafuta, nalikata mbele ya macho yake. Mzee mmoja alisema tu, "Mwana wa nani huyu?" na ananijua tangu nazaliwa. Ilichukua muda mrefu sana.

Mama Sabina alikuwa wa mwisho.

"Mweupe kama chaki!" akasema kwa nguvu. "Na mimi nikajiona hodari wa kusema! Mjinga mimi, mjinga na wewe." Nikafungua ukurasa wake. Akaushika mkono wangu. "Langu liache. Ila uniletee hilo sanduku nilione, maana nimelisifia mbele ya serikali na sijawahi kuliona."

Jumatatu nikaingia ofisini kwa Madam Rehema kabla wenzangu hawajafika. Nikamweleza yote, nikaweka daftari mezani. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa, mistari tu, mpaka mwisho.

"Wamebaki wawili?" akauliza.

"Wawili," nikasema. "Mmoja ni mama yangu."

Akafunga daftari. Akakaa na mkono juu yake, akitazama dirishani.

"Ripoti yenye sitini na tatu imeshakwenda mkoani," akasema, "na jina la chini ni langu." Hakufoka, na ningependa angefoka. Nikamwomba picha ishushwe. Akasema nisiguse chochote mpaka kamati ikae, na mpaka ikae niendelee kuja.

Kamati haijakaa. Naendelea kuja. Nafika mapema, natengeneza vikaushio, naondoka bila kuzungumza na mtu.

Nilichojifunza, hasa kwa vijana wa wilayani kama mimi ambao milango hii imeanza kufunguka: ukiulizwa una watumiaji wangapi na unaye mmoja, sema mmoja. Ukikataliwa, utarudi mezani kwako kuwa fundi simu kama zamani, na watu wataitikia salamu yako. Mimi sasa nikipita kwetu wananiitikia, lakini hawaulizi tena hali ya mama.

Wakuu mliowahi kukaa kwenye hub au kusimamia miradi hii, naomba mawazo yenu. Je, nisubiri kamati, au niandike barua mwenyewe ya kuachia nafasi? Na kama kuna mtu humu aliwahi kuwakosea watu wa kwao namna hii, anieleze alianzia wapi kurudi. Matusi pia nitayasoma.