Gurudumu Mapajani mwa Bi Cheni

Duka la minyororo halina madirisha ya kuringia. Lina mlango mmoja mpana unaotazama gati, mapipa yaliyojaa cheni za kila unene, na kiti cha mbao alichokikalia mama mmoja miaka thelathini na moja. Jina lake wanalijua wa nyumbani tu. Gatini wanamwita Bi Cheni, naye anaitika bila kinyongo.

Siku hiyo mkwe wake, fundi mitambo, alikuwa anajaribu winchi ya kuvutia nanga kwenye boti ya wapiga mbizi. Cheni mpya aliinunua kwingine, kimyakimya, maana kununua kwa mama mkwe ni kujitafutia maswali. Alipima unene wa ile ya zamani, milimita kumi, akaleta milimita kumi. Hesabu gani tena hapo? Nahodha wa boti ni mke wake, binti wa Bi Cheni, na kesho asubuhi angetia nanga karibu na miamba, watu sita wakiwa chini ya maji.

Winchi ikanguruma, cheni ikashuka, ikapanda. Kuna pete za cheni zilizokataa kulala kwenye vishimo vya gurudumu la winchi, na mke wake akawa anazisukuma kwa kiganja.

"Itazoea," fundi alisema, kama vile cheni ni kiatu.

Kufumba na kufumbua Bi Cheni yuko gatini, kikombe cha chai mkononi.

"Mkwe, cheni yako inaruka. Kila pete ya saba."

Fundi alibana kicheko. Kutoka dukani hadi pale ni hatua mia mbili, na katikati kuna kreni na malori; angesikiaje? Lakini nani amcheke mama mkwe mbele ya mkewe? Akawasha tena, akahesabu shingo upande. Pete ya saba ikainuka, ikagonga, ikaruka. Ya kumi na nne vilevile. Ilipofika ya ishirini na moja nywele zilimsimama.

"Lakini mama, unene ni uleule."

"Unene, sawa. Na urefu wa pete je? Wewe suruali unanunua kwa kupima kiuno tu?"

Mkewe akageukia pembeni asionekane anacheka.

"Basi nikuletee pete kumi za ile ya zamani, tulinganishe."

"Ya zamani imevutwa miaka mingapi? Imeshalika, imerefuka. Itakudanganya. Nifungulie gurudumu lenyewe, nione."

Fundi akalifungua, akalibeba hadi dukani kwa mikono miwili. Bi Cheni akalipakata juu ya gunia, akalifuta grisi, akafumba macho. Cheni ya kwanza aliyoizungushia ilichezacheza, akaitupa pipani. Ya pili ilikwenda vizuri nusu mzunguko, kisha ikajiinua yenyewe. Ya tatu ilikaa pete kwa pete, akaizungusha polepole mzunguko mzima, na haukusikika hata mlio mmoja. Fundi alikuwa na cheti ukutani na kipimo cha chuma cha bei mbaya, lakini jambo kama lile hajapata kuliona. Alijiona mdogo, na cha ajabu, alifurahi kujiona mdogo.

Alasiri cheni ilishafungwa. Mke wake akabonyeza kitufe, nanga ikaanza kushuka kwa mngurumo mmoja, bila kukwama.

"Mama, masikio haya uliyapata wapi?" fundi alimuuliza mama mkwe pale gatini.

Bi Cheni akamjibu kwa swali.

"Mzee wangu pale nyumbani ana vidole vingapi mkono wa kulia?"

"Viwili."

Gati nzima walikijua kisa hicho: mzee alikuwa anasukuma pete iliyokataa kulala, winchi ikauvuta mkono.

"Ile cheni nilimuuzia mimi. Mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilipima unene."

Fundi akatazama botini. Mkewe alikuwa amesimama kando ya winchi, mikono yote miwili mfukoni, anapiga mluzi.