Jina la Puok, Picha ya Achan

"Wewe ndiye huyu dada aliyesuka?"

Mkaguzi alikuwa amemshika Puok mkono mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kwenye orodha jina ni Puok. Picha ni ya Achan, msichana wa darasa lao, amesuka vizuri kabisa!

Puok ana miaka ishirini na nne. Vita vya Sudan Kusini vilimlia miaka ya shule. Akifukuzwa leo kama mdanganyifu, masomo yameisha.

Mimi ndiye karani wa shule, hapa kambini Kakuma. Niliwaka! Nikampigia Ebenyo, fundi wa Lodwar aliyetuletea kompyuta ya kusajili watahiniwa, nikaweka spika mkaguzi asikie.

"Ebenyo, umetuletea takataka! Ati mashine ya kisasa, ina stoo mbili za kumbukumbu. Mwanaume amegeuka mwanamke!"

"Ejok, salama, Madam Rispa. Polepole."

"Polepole ni hiyo kompyuta yako! Fundi gani wewe? Hata kuwasha kibiriti kungekushinda."

Hakukasirika, na hiyo ikanikera zaidi. Akaeleza. Jina huingia stoo ndogo, ile ya mbio, na skrini inasema imeingia. Picha ni nzito, inapanga foleni kwenda stoo kubwa. Umeme ukikatika hapo katikati, jina jipya linabaki na picha ya mtu wa kabla yake.

"Si nilikwambia ungoje taa ya njano izime, ndipo picha imefika?"

"Hukuniambia kitu! Na stima ya hapa unaijua, hupotea tu."

Akakata simu. Mara ujumbe wa sauti ukaingia WhatsApp. Nikajua anaomba msamaha. Nikaubonyeza kwa madaha, sauti juu.

"Wee Ebenyo, taa ya njano ni ya nini? Skrini imesema imeingia. Mimi nazima jenereta, nawahi kwaya!"

Kisha kicheko. Aki, kicheko changu mwenyewe! Ebenyo amenirudishia ujumbe niliomtumia siku ya usajili.

Puok akanyoosha shingo kuangalia saa.

"Madam," mkaguzi akasema, "andika hapa kosa ni la nani, huyu aingie. Zimebaki dakika tisa mtihani uanze."

Niliandika jina langu lote. Puok akaingia mbio. Mimi nikaitwa kwa mwalimu mkuu.

Wewe mwenye mdomo kama wangu, kabla hujamwaga matusi, hakikisha mjinga si wewe. Mimi nilijitukana mbele ya mkaguzi, tena kwa kredo yangu ya simu.